Kompyuta ya biti 32: Rahisi kununua, ghali kutunza

Agosti 9, 2025 mradi wa Debian, ambao ni miongoni mwa wasambazaji wakubwa wa programu huria za Linux duniani, ulitoa toleo lake la 13. Katika maelezo ya toleo hilo kulikuwa na aya fupi ambayo haikupigiwa debe, lakini inamgusa mfanyabiashara mdogo kuliko habari nyingine zote zilizoambatana nayo. Ilieleza kwamba kompyuta zinazotambulika kwa jina la i386 hazitatengenezewa tena kiini cha mfumo wala programu ya kuusimika. Wenye mashine hizo walishauriwa wasihamie toleo jipya. Kama mashine inakubali mfumo unaoitwa amd64, wausimike huo upya. Kama haikubali, waistaafishe.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane, zilizoanza kuuzwa mwaka 2017, au zilizokuja baada yake.

Mwenye duka la pembejeo Makambako au mhasibu wa chama cha ushirika cha msingi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu kompyuta inayotunza daftari lake la madeni, mara nyingi, ni ya mtumba. Ofisi za ng'ambo zinapoondoa mashine ambazo hazipati tena huduma, mashine hizo hazipotei. Hutafuta mnunuzi mwingine, na mnunuzi huyo ni sisi. Natarajia kwamba katika kipindi hiki zitashuka bei, na muuzaji atakuwa na haraka ya kuziondoa dukani. Kwa mnunuzi, bei ikishuka ni habari njema iwapo tu anajua anachokinunua.

Kuzeeka kwa mashine si ajabu. Hata trekta huzeeka. Tatizo lililopo hapa ni la lebo. Jina linalobandikwa kwenye kifurushi cha programu linaweza kubaki lile lile kwa miaka thelathini huku maana yake ikibadilika kila baada ya matoleo machache. Mkulima wa viazi au vitunguu anaielewa hali hii vizuri. Mnunuzi husema "gunia" na mkulima husema "gunia", lakini mmoja ana maana ya kilo 100 na mwingine amekuja na lumbesa. Neno ni moja, mzigo ni tofauti, na hasara humwangukia yule ambaye hakupima.

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri, na kila ukoo wa prosesa una lugha yake. Kompyuta nyingi za mezani na za mapajani ni za ukoo ulioanzishwa na Intel. Simu na vikompyuta vidogo vingi ni vya ukoo wa ARM. Programu iliyotengenezwa kwa ukoo mmoja haisomeki na mwingine, kwa hiyo msambazaji hutengeneza programu ile ile mara kadhaa na kuipa kila moja jina la ukoo wake. Debian 13 ina vifurushi zaidi ya 69,000, na inatolewa kwa koo saba.

Tuanze na i386. Jina hilo limetokana na prosesa ya 80386 ambayo Intel iliitoa mwaka 1985. Lakini toleo la 9 la Debian, lililotoka mwaka 2017, lilikuwa limekwisha ziacha hata Pentium za mwanzo zilizokuja miaka mingi baada ya hiyo 80386. Toleo la 13 limekwenda mbali zaidi. Linadai amri za SSE2 ambazo zililetwa na Pentium 4 mwaka 2000, na linasema wazi kwamba vifurushi vya i386 sasa vimekusudiwa kutumika ndani ya mashine ya biti 64 tu, ili kubeba programu za zamani ambazo hazina toleo jingine. Jina ni la 1985. Kilichomo si cha 1985 hata kidogo. Anayekariri jina bila kuuliza toleo atapotea.

Jina la amd64 nalo lina mtego wake. Kampuni ya AMD ndiyo iliyobuni namna ya kuupeleka ukoo wa Intel kwenye biti 64, na prosesa yake ya kwanza ya aina hiyo iliuzwa mwaka 2003. Intel ilifuata njia hiyo hiyo mwaka uliofuata. Debian ikalihifadhi jina la mbunifu, ikaita amd64. Red Hat na Fedora wanaita x86_64, na Microsoft wanaita x64. Majina ni matatu, kitu ni kimoja. Fundi asiyejua hilo huona herufi AMD, akatazama kibandiko cha Intel kwenye mfuniko wa mashine, akaona haviendani, akasimika i386. Mwenye mashine anabaki na prosesa ya biti 64 iliyofungwa nira ya biti 32 bila yeye kujua.

Haki itendeke: si kila fundi aliyesimika biti 32 alikosea. Mfumo wa biti 32 hula kumbukumbu kidogo zaidi, na kwenye mashine yenye gigabaiti moja au mbili za kumbukumbu tofauti hiyo inaonekana. Miaka kumi iliyopita ulikuwa uamuzi wenye busara. Leo uamuzi huo umepitwa na wakati, lakini mashine bado iko mezani inafanya kazi.

Hata ndani ya biti 64 mambo hayakutulia. Mwaka 2020 wadau wa tasnia walizigawa prosesa za ukoo huo katika madaraja manne, kuanzia zile za mwaka 2003 hadi zenye amri nyingi mpya. Red Hat Enterprise Linux toleo la 9 la mwaka 2022 linadai daraja la pili. Toleo la 10 la Mei 2025 linadai daraja la tatu, ambalo kwa Intel lilianza na prosesa za mwaka 2013. Hata hivyo jina la kifurushi limebaki x86_64 kama zamani. Mnunuzi atahadhari hapa, maana mwaka peke yake hautoshi: prosesa za bei nafuu zenye majina ya Celeron na Pentium ziliendelea kuuzwa kwa miaka mingi baada ya 2013 bila kufikia daraja la tatu. AlmaLinux, ambao hutengeneza mfumo unaofanana na wa Red Hat, walifanya jambo ambalo naliona ni la kiungwana. Katika toleo lao la 10 waliendelea kuzihudumia mashine za daraja la pili, na wakavipa vifurushi vyake jina tofauti kabisa, x86_64_v2. Mzigo tofauti ukapewa lebo tofauti.

Sasa kuna jambo la pili ambalo jina hubeba, nalo ni gumu kidogo kuliko lugha ya prosesa. Ni mapatano ya kukabidhiana. Programu haifanyi kazi peke yake. Huita maktaba nyingine za programu zimsaidie kuhesabu, kuandika na kuchapa. Lazima pande zote mbili zikubaliane namba zitawekwa wapi, kwa ukubwa gani na kwa mpangilio upi. Fikiria ghala lenye milango miwili. Mpagazi analeta magunia na kuyashusha mlango wa mbele. Karani anasubiri mlango wa nyuma. Wote wawili wanazungumza Kiswahili fasaha, wote wako kazini, na mzigo haupokelewi.

Hilo ndilo lililotokea kwenye ukoo wa ARM. Kulikuwa na mapatano ya zamani ambapo namba zenye desimali, kama kilo 87.5, zilipitishwa mlango wa namba za kawaida. Debian inayaita armel. Kisha yakaja mapatano mapya ambapo namba hizo hupitishwa kwenye sehemu maalumu ya prosesa iliyotengenezwa kwa ajili ya desimali, na hivyo hesabu huenda haraka zaidi. Haya yanaitwa armhf, na Debian iliyatoa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Prosesa inaweza kuwa ile ile moja, lakini programu ya armel na maktaba ya armhf haziwezi kufanya kazi pamoja. Ndiyo maana ndani ya mfumo utakutana na majina marefu kama arm-linux-gnueabihf. Sehemu ya kwanza inataja ukoo wa prosesa, ya pili inataja kiini, na ya mwisho inataja mapatano. Herufi mbili za mwisho ndizo zinazosema desimali zinapita mlango gani.

Hapa pia lumbesa ikaingia. Mwaka 2012 kilitoka kikompyuta cha Raspberry Pi, kilichopendwa na vijana wengi wabunifu kwa kuwa kilianzia dola 35 za Marekani au chini yake. Prosesa yake ilikuwa na sehemu ya desimali, lakini ilikuwa ya kizazi cha sita cha ARM, wakati armhf ya Debian inadai kizazi cha saba. Watu waliojitolea wakatengeneza mkusanyo mwingine ulioitwa Raspbian, wakavitengeneza upya vifurushi vyote kwa kizazi cha sita, lakini wakalibakiza jina la armhf. Tangu hapo kuna armhf mbili duniani. Ukichukua kifurushi cha armhf ya Debian ukakiweka kwenye Raspberry Pi ya kwanza, kitasimikwa bila malalamiko, kisha kitakufa pale kitakapokutana na amri ambayo prosesa hiyo haijui. Naona kulibakiza jina lile lilikuwa kosa, japo kazi yenyewe ilikuwa ya kupongezwa.

Kwa mtu aliye dukani, tofauti hizi huonekana kwa njia ya ujumbe kwenye skrini, na inafaa kuzijua kwa sababu kila ujumbe una chanzo chake. Kwenye Linux, ukiona "Exec format error", programu ni ya ukoo mwingine kabisa. Ukiona "Illegal instruction", mara nyingi ukoo ni sahihi lakini prosesa ni ya kizazi cha nyuma kuliko programu inavyodai. Unaokera zaidi ni ule unaosema faili halipo, "No such file or directory", ilhali unaliona kwa macho yako kwenye folda. Mara nyingi kinachokosekana si programu yenyewe, ni ile sehemu ndogo ya mfumo inayoipokea na kuianzisha kwa mapatano yake. Mtu huipakua programu hiyo mara tano, analipia bando mara tano, na jibu linabaki lile lile.

Mabadiliko makubwa zaidi ya mapatano katika Debian 13 yanahusu saa. Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu muda kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970. Kwenye mashine nyingi za biti 32 hesabu hiyo iliwekwa kwenye nafasi ambayo kiwango chake cha juu ni 2,147,483,647. Sekunde hizo zitajaa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Baada ya hapo hesabu inarudi nyuma na tarehe inakuwa Desemba 13, 1901.

Asidhani mtu kwamba hilo ni la 2038 tu. Mkataba wa kukodi shamba kwa miaka 15 ukiandikwa mwaka 2026 unamalizika 2041. Mkopo wa muda mrefu wa miti ya mbao nao unavuka huko. Programu inayopanga marejesho kwa kutumia hesabu hiyo ya biti 32 itakosea leo, siku unapoingiza tarehe ya mwisho, na si miaka kumi na zaidi ijayo.

Debian waliipanua nafasi hiyo kuwa biti 64 kwa armel na armhf. Maana yake ni kwamba mapatano ya maktaba nyingi yalibadilika huku jina la armhf likibaki vile vile. Programu ya armhf iliyotengenezwa kabla ya hapo isitarajiwe kuafikiana nazo. Lakini i386 hawakuigusa. Sababu yao ni ya kibiashara kwa namna fulani: kazi pekee iliyobaki kwa i386 ni kubeba programu za zamani, na ukibadilisha mapatano, programu hizo hazitafanya kazi, basi i386 yenyewe haina tena haja ya kuwepo. Kwa hiyo i386 imeachwa na saa yake ya zamani. Mwenye duka anayetegemea programu ya hesabu ya biti 32 aliyoinunua zamani anaweza kuendelea nayo ndani ya mashine ya amd64, lakini tarehe za mbali aziandike kwenye daftari jingine.

Wapo wanaolalamika kwamba wasambazaji wanawatupa maskini. Silikubali hilo moja kwa moja. Kila jina analoliweka msambazaji kwenye orodha ni gharama: mashine za kutengeneza vifurushi maelfu kwa maelfu, watu wa kuvijaribu, na watu wa kuziba mianya ya usalama kwa miaka. Debian inaendeshwa na watu wanaojitolea. Watumiaji wa jina fulani wakipungua, wanaobaki kulitunza nao hupungua, na jina lisilo na mtunzaji ni hatari kuliko kutokuwepo. Jambo la haki kudai ni tangazo la mapema na lugha inayoeleweka. Tangazo lilikuwepo. Lugha ndiyo ilikuwa ya mafundi.

Turudi kwenye fedha. Chukua bei za mfano. Muuzaji anakuonyesha kompyuta ya biti 32 kwa Sh150,000, na pembeni yake ya biti 64 kwa Sh280,000. Ya kwanza inaweza kutumia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ambayo huduma yake ya muda mrefu ya kuziba mianya imepangwa kufika Juni 2028. Ukiinunua Juni 2026 una miezi 24, sawa na Sh6,250 kwa mwezi. Ya pili itatumia Debian 13, ambayo huduma yake ya muda mrefu imepangwa kufika Juni 2030. Hiyo ni miezi 48, takriban Sh5,800 kwa mwezi, na baada ya hapo prosesa hiyo bado ina njia ya kwenda toleo linalofuata. Ya kwanza haina njia hiyo. Hapo sijahesabu kazi ya kuhamisha kumbukumbu za wateja mara mbili badala ya mara moja, ambayo kwa chama chenye wanachama mia kadhaa si kazi ya jioni moja.

Hesabu hii inabadilika kama mashine haitaunganishwa kwenye intaneti. Kompyuta ya biti 32 iliyo ghalani, inayoandika uzito na kuchapa stakabadhi tu, haina sababu ya kutupwa mwaka huu. Iachwe ifanye kazi, nakala ya kumbukumbu itunzwe pengine, na isiingizwe flashi za kila mpita njia.

Nafuu kubwa kuliko zote iko kwa yule niliyemtaja awali, mwenye prosesa ya biti 64 iliyosimikwa mfumo wa biti 32. Huyu hahitaji kununua mashine. Anahitaji fundi na nakala ya kumbukumbu zake. Kwenye Windows, fungua ukurasa unaoeleza mashine kwenye mipangilio. Ukikuta mfumo umeandikwa 32-bit lakini prosesa imeandikwa x64, ndiye wewe. Kwenye Linux andika lscpu. Mstari unaotaja namna za prosesa ukionyesha biti 32 na biti 64 pamoja, prosesa inaweza. Amri ya uname -m hujibu kuhusu kiini tu, wakati dpkg --print-architecture hujibu kuhusu vifurushi, na majibu hayo mawili yanaweza kupishana kwenye mashine moja. Ukiwa dukani unanunua, mwombe muuzaji aiwashe kwa flashi ya Linux na uzisome mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Muuzaji anayekataa amekwisha kujibu.

Simu zina safari kama hiyo. Tangu Agosti 2019 Google inawataka watengenezaji wanaopeleka programu zenye sehemu za lugha ya prosesa kwenye duka lake waweke na toleo la biti 64, na mwaka 2021 ilianza kutaka programu mpya zipelekwe kwa mfumo ambao kila simu hupewa kipande kinachoilingana. Ndiyo maana programu ya bei za mazao uliyonakiliwa kutoka simu ya jirani inaweza kugoma kwako: ulichopewa ni kipande cha simu yake, arm64-v8a, na simu yako ni armeabi-v7a. Simu kadhaa za bei nafuu zina prosesa ya biti 64 lakini zimewekewa Android ya biti 32, na kwa simu hakuna fundi wa mtaani wa kukubadilishia kirahisi kama kwenye kompyuta.

Kwa walioweka vikompyuta vidogo shambani, kwenye vituo vya kupima mvua au kwenye mizani, Debian 13 ndiyo ya mwisho kubeba jina la armel, na haina tena programu ya kulisimika. Viini vilivyobaki vyenye jina hilo ni vya Raspberry Pi ya kwanza, Zero na Zero W. Jina la armhf linaendelea, na jipya lililoingia kwenye orodha ni riscv64, ukoo wa prosesa ambao lugha yake ya amri iko huria na mtengenezaji yeyote anaweza kuitumia bila kulipia leseni. Kwenye maduka yetu ya mtumba bado ni nadra kulikuta jina hilo.